Amana ya Sauti

Taarabu ya Unguja, pamoja na umri wake na heshima yake, imekaa zaidi katika vifua vya watu kuliko katika sahani na kanda, na hata ilipobahatika kutiwa katika sahani, mara nyingi mamlaka ya sahani hizo hayakuwa mikononi mwa wenyewe. Siti binti Saad na wenzake walisafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, na sauti yake ikaenea pwani nzima. Lakini mitambo na kalibu za kazi ile zilikuwa ng'ambo ya bahari, na leo anayetaka kumsikia hana budi kutegemea nakala chache zilizosalia. Jambo hili nalitanguliza kwa sababu ndilo lililokuwa likinikera moyoni nilipoanza, mwanzoni mwa karne hii, kuwarekodi wazee wa fidla, udi na ganuni katika chumba kimoja cha nyumba yangu mtaani Ng'ambo, na ndilo hatimaye lililonitoa katika mfumo endeshi niliouzoea likanipeleka kwenye Linux.

Kabla ya kompyuta tulikuwa na kaseti. Zile zilizotolewa Mombasa na Mbwana Radio Service zilivuka mpaka kwetu, na ami yangu, ambaye alipiga fidla kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, alikuwa na desturi ya kuweka redio ya kaseti juu ya kiti wakati wa mazoezi ili baadaye asikilize mwenyewe wapi mkono wake umeteleza. Kanda hizo za mazoezi zikahifadhiwa katika sanduku, na hewa ya bahari, ambayo haina huruma kwa karatasi wala chuma, haikuzihurumia na hizo.

Kompyuta yangu ya kwanza niliinunua Dar es Salaam ikiwa imeshatumika, ina mfumo endeshi uliokuwa ukitumika takriban kila mahali, na nikaifungia programu ya kurekodi kutoka kampuni moja ya nje ambayo wapigaji wenzangu waliisifu. Siwezi kuinyima sifa yake: kwa mara ya kwanza ami aliweza kupiga fidla ya kwanza, kisha akaketi akajisikiliza, kisha akapiga ya pili juu ya ile ya kwanza, na uso wake siku hiyo ulikuwa uso wa mtu aliyekutana na ndugu yake baada ya safari ndefu. Tulirekodi hivyo nyimbo nyingi, nazo zikawa ndiyo kazi yake ya mwisho, maana haukupita muda mrefu akatangulia mbele ya haki.

Mwezi Mei 2008 umeme ulikatika Unguja, ukatuacha gizani karibu mwezi mzima, na uliporudi ulikuja kwa kupanda na kushuka hata vyombo vya watu vikaungua mtaa kwa mtaa. Diski ya kompyuta yangu ilikuwa miongoni mwa vilivyokufa. Nakala za sauti nilikuwa nazo katika visahani vya DVD, basi nikatia diski mpya na kuifunga upya ile programu, nayo ikataka, kama ilivyoandikwa katika masharti yake, idhini ya mtengenezaji kwa njia ya intaneti. Na mtengenezaji alikuwa ameshaacha kulihudumia toleo lile, akanijibu kwa adabu kwamba ninunue jipya, ambalo lisingeahidi kuyafungua majalada ya zamani. Sauti zilikuwapo, lakini vipande vipande, kila kipande na namba isiyosema lolote. Mpangilio wake, yaani kipande gani huingia wapi, fidla ipi huja mbele na ipi hurudi nyuma, ulikuwa ndani ya jalada ambalo hapana programu nyingine iliyoweza kulisoma. Mtu akikuwekea amana nyumbani kwako, kisha ufunguo wa chumba ukawa kwa mtu wa tatu usiyemjua, amana hiyo si salama hata kama chumba ni chako.

Katika hali hiyo alinijia mpwa wangu, aliyekuwa akisoma mambo ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chuo kile kile ambacho mradi wake wa Kilinux ulikuwa umeshatoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi kwa lugha ya Kiswahili. Alileta kisahani cha Ubuntu Studio, mkusanyiko wa Linux uliotengenezwa mahsusi kwa watu wa muziki na picha, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2007.

"Mjomba," aliniambia, "hii huombi ruhusa kwa mtu. Leseni yake yenyewe ndiyo ruhusa."

Nilitaka nifahamu vema maana ya maneno hayo kabla ya kuyaamini, naye akanieleza kwa subira. Richard Stallman alitangaza mwaka 1983 nchini Marekani kazi ya kutengeneza mfumo ulio huru, akaupa jina la GNU. Na mwezi Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, akatangaza kiini cha mfumo endeshi alichokuwa akikiandika, ambacho ndicho kilichoitwa Linux. Na kiini hicho kimewekwa chini ya leseni inayompa kila mtu haki ya kukitumia, kukisoma, kukibadili na kukigawa, kwa sharti kwamba akigawa alichobadili, awape wengine haki zile zile alizopewa yeye. Kwetu sisi jambo hilo halikuwa geni hata kidogo. Kisima kikishawekwa wakfu kila mpita njia huchota, na hata aliyekijenga hawezi tena kukiuza.

Lakini kufahamu leseni ni kitu kimoja, na kuifanya kompyuta iimbe ni kingine. Mwaka ule wa mwanzo ulikuwa mzito. Sauti katika Linux ya wakati huo ilipitia tabaka mbili: chini ALSA, inayozungumza na kadi ya sauti, na juu yake JACK, ambayo kazi yake ni kuunganisha programu moja na nyingine kama fundi aungavyo nyaya, kwa usahihi wa hali ya juu. Tatizo kubwa lilikuwa ukawiaji. Kompyuta hukata sauti katika sampuli, aghalabu 48000 kwa sekunde, nayo huzipokea kwa mafungu. Fungu likiwa la sampuli 1024, zinapita zaidi ya milisekunde 21 kabla halijajaa, na kwa kuwa sauti hewani husafiri sentimita 34 hivi kwa kila milisekunde, mwimbaji anayejisikia kupitia hedifoni huwa ni kama amewekwa mita saba mbali na koo lake mwenyewe. Hapana mwimbaji awezaye kushika dumbaki kwa hali hiyo. Fungu likishushwa mpaka sampuli 128, muda huo huwa chini ya milisekunde 3, na moyo hutulia; lakini hapo kompyuta isiyopangwa sawasawa hushindwa kuwahi, na sauti hukatika kwa mlio wa kukwaruza. Ilinibidi nijifunze kuipa kazi ya sauti kipaumbele mbele ya kazi nyingine zote, na kutumia kiini chenye viraka vya utendaji wa papo kwa papo, vilivyoandikwa na akina Ingo Molnar na Thomas Gleixner. Viraka hivyo vilikaa nje ya kiini rasmi kwa miaka mingi, na vikamaliza kuingizwa ndani yake mwaka 2024. Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi kama mtu aliyesikia jirani yake amepata haki yake.

Juu ya JACK nilitumia Ardour, programu ya kurekodi iliyoanzishwa na Paul Davis, Mwingereza aliyehamia Marekani na aliyekuwa miongoni mwa waandishi wa programu wa mwanzo kabisa wa Amazon. Ardour haikuwa na urembo. Fadhila yake niliiona siku nilipolifungua jalada la kazi yangu kwa kihariri cha maandishi matupu, nikakuta mpangilio wote umeandikwa kwa maneno yanayosomeka: majina ya njia nilizoziita mwenyewe, mahali kila kipande kinapoanzia, urefu wake, na pembeni, katika folda yake, sauti zenyewe zikiwa katika WAV, ambayo programu chungu nzima huisoma. Hata Ardour ikitoweka duniani, mtu mwenye akili na subira ataweza kuijenga upya kazi yangu kwa kusoma tu.

Giza likarudi Unguja mwezi Disemba 2009, likadumu mpaka Machi 2010. Jenereta za mtaani zilivuma mchana kutwa hata kurekodi kukawa hakuwezekani, basi nikaishika kazi ya kusikiliza. Kwa kompyuta ya mkononi, iliyochajiwa kwa jirani, nikavitia vipande vya ami katika Ardour, kisha nikazitafuta zile kaseti za mazoezi zilizosalimika, na kwa kuisikiliza kaseti nikajua fidla gani ilifuata ipi, nikavirudisha vipande mahali pake kimoja kimoja. Si nyimbo zote zilizopona. Zilizopona zimepona kweli.

Baadaye nikaona faida ambayo sikuitarajia. Kinanda cha kawaida kina sauti kumi na mbili tu katika kila oktavu, na maqamu zetu, yaani ngazi za sauti za taarabu, hazienei humo: ukigawa kila nusu-sauti mafungu 100, sauti ya tatu katika maqamu ya Rasti husimama karibu na fungu la 350 kutoka sauti ya msingi, ingawa kila mpigaji ana pake anapoipenda, na kinanda hakina ufunguo hapo. Katika ZynAddSubFX, programu ya Paul Nasca wa Rumania, nilikuta nafasi ya kuandika ngazi yoyote nitakayo, na mwalimu wangu wa udi, mzee asiyestahi chombo cha umeme hata kimoja, akasikiliza Rasti ile akatikisa kichwa kwa ridhaa.

Haki inataka niseme na upungufu. Vijana wengi wa Bongo Fleva hutumia FL Studio, ambayo haikutengenezwa kwa Linux. Na programu jalizi nyingi za kulipia hazina toleo letu. Nikishirikiana na vijana hao hubadilishana nao faili za WAV, basi, na kadi za sauti nanunua zile za USB zinazofuata kanuni ya jumla, zisizohitaji programu ya kampuni yake. Tangu PipeWire ya Wim Taymans ichukue nafasi ya JACK juu ya ALSA, taabu za mwaka wangu wa kwanza hazimkuti tena anayeanza leo.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji, kama una kanda za wazee katika sanduku, huko Lamu au Tanga au Muskati, usingoje. Zitie katika WAV, andika katika maandishi matupu jina la mwimbaji, la wapigaji, la mahali na la mwaka, kisha nakala moja ikae kwako na nyingine katika nyumba ya mtu unayemwamini, katika mashine ambayo wajukuu wataweza kuifungua bila ya kumwomba mtu idhini.