Hilo si mteremko, hilo ni genge!

Mjini ukisema "genge", mtu anafikiria nyanya za fungu na dagaa kwa mama wa pale kona. Au anafikiria kundi la vibaka. Hana habari kwamba kamusi inalo genge jingine: ukuta wa ardhi au mwamba uliokatika ghafla, ambao ukikosea hatua tu, habari yako inaishia hapo.

Na mteremko je? Ndiyo usiseme! Kwa mtoto wa mjini mteremko ni mambo rahisi, vitu vya bwerere. Wengine wanaviita kitonga, jina lilelile la mlima wa Iringa ulioko barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya. Muulize dereva wa lori ambaye breki zake zimewahi kunuka pale Kitonga kama kuna cha bwerere.

Sisi wa Igurwa, Karagwe, tumekulia kwenye migongo ya vilima. Nilipofika Dar nikaonyeshwa Mlimani, pale Chuo Kikuu, nilibaki nauliza mlima wenyewe uko wapi. Kwetu Kinyambo kina majina yake, na hata tukigeuzia Kiswahili hatuchanganyi. Ardhi hiyohiyo ukiishuka ni mteremko, ukiikwea na ndoo kichwani ni mpando. Palipochimbwa na maji ya mvua ni korongo. Udongo na mawe yakimeguka kwenda chini, hayo ni maporomoko. Pasipopitika kwa mguu wala kwa pikipiki ni genge.

Mnaona ni mambo ya walimu wa Kiswahili? Sikilizeni. Mwaka juzi shemeji yangu alishikwa na uchungu usiku, mvua inamwagika. Kijana wa bodaboda aliyeitwa kumchukua alikuwa mgeni, akapiga simu kuuliza njia ya mkato. Binamu yangu, mtoto wa Dar aliyekuja likizo, akamjibu kwa mbwembwe: "Katiza nyuma ya migomba, kaka, ni mteremko tu!"

Bibi akamnyang'anya simu. "Mjukuu wangu, usimsikilize huyu. Hilo si mteremko, hilo ni genge. Zunguka huko juu, ufuate barabara."

Kijana akazunguka. Alichelewa, shemeji anauma khanga, mimi natembea mlangoni kama askari wa zamu, lakini alifika mzima na pikipiki yake. Alfajiri mtoto akalia kule zahanati, wa kike, ana mapafu kama tarumbeta.

Kulipokucha binamu akaenda kuchungulia nyuma ya migomba. Akarudi kimya. Chai hakumaliza.

Kwa hiyo, msomaji wangu, ukienda milimani usijifanye mjuaji wa maneno. Mwenyeji akikwambia mbele kuna genge, usiulize bei ya nyanya. Geuza, urudi ulikotoka.