Gitaa Lililonong'ona Magomeni

Mwaka 2013, ukipita mitaa ya Dar es Salaam hukukosa kukuta chumba kilichogeuzwa studio. Kompyuta moja, spika mbili, maiki, na godoro limesimamishwa ukutani kuzuia mwangwi. Wengi walikuwa wakirekodi waimbaji tu, kwa sababu ngoma, kinanda na besi vilitengenezwa humo humo ndani ya kompyuta. Mimi nilitaka magitaa. Nilikulia Magomeni katika nyumba ya baba mdogo, mpiga solo wa muziki wa dansi, mtu aliyejifunza gitaa kwa kumsikiliza Mbaraka Mwinshehe redioni na ambaye hadi leo husema muziki ulipata pigo ambalo haujapona Mbaraka alipofariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979. Baba mdogo alikuwa hana bendi tena, lakini kila jioni alikaa barazani akipiga gitaa la umeme bila ampli. Ilinikera sana kuona mikono ile ikizeeka bila kurekodiwa tena.

Saundi kadi niliipata Kariakoo, ya mtumba: kiboksi cha chuma chenye matundu mawili mbele, vishikizo viwili vya kuongezea sauti, yaani geini, na waya wa USB. Haikuwa na kitabu wala diski. Maiki ilipochomekwa, mambo yalikwenda vizuri, kipimo kikapanda hadi desibeli -10 bila taabu. Baba mdogo akachomeka gitaa, akapiga kibwagizo kimoja cha zamani. Kipimo kikatikisika kwenye -40, na mchoro wa sauti kwenye skrini ukabaki karibu mstari mtupu. Nikafungua geini hadi mwisho. Hapo gitaa likasikika, ila lilikuja na msafara: mchemko wa kifaa, mngurumo wa umeme, na mlio mdogo kila friji la sebuleni lilipowaka. Baba mdogo akavua visikizi, akaviweka mezani taratibu. "Huyu si mimi, baba," akasema.

Nilianza na yale ambayo mtu yeyote angeanza nayo. Nikabadilisha waya. Nikahakikisha kishikizo cha sauti cha gitaa lenyewe kimefunguliwa chote, nikakagua kidirisha cha sauti cha kompyuta, nikachomoa chaja ya laptopu, na mngurumo ukapungua kweli, lakini gitaa likabaki kunong'ona. Wenzangu wenye studio walinipa ushauri mmoja, kila mtu kwa maneno yake: rekodi hivyo hivyo, utaipandisha baadaye ndani ya programu. Ushauri huo niliusikia mno miaka ile, na umeharibu kazi nyingi za watu. Kupandisha sauti kwa desibeli 30 ni kuzidisha volti zake zaidi ya mara 30, na kompyuta haijui ipi ni nyuzi na upi ni mchemko. Inavizidisha vyote. Ule umbali kati ya muziki na uchafu, ambao ndio hasa unaotafutwa na kila anayerekodi, unabaki ulivyokuwa tangu waya ulipoingia kwenye tundu.

Aliyenifungua macho ni fundi redio mmoja mzee, upande wa Msimbazi, ambaye zamani alikuwa akitengeneza ampli za bendi, tangu zile za valvu. Nilimpelekea kiboksi nikiamini kimeungua.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Kimefanya nini?"

Nikamweleza. Hakukifungua. Alikigeuza, akasoma maandishi ya nyuma kwa miwani iliyofungwa uzi, kisha akaniuliza gitaa lile lina betri ndani. Nikamwambia halina, ni la kawaida. Akauliza: "Na tundu hili limetengenezwa kwa ajili ya kinanda au kwa ajili ya gitaa?" Mimi niliona tundu ni tundu, jeki ya gitaa imeingia na imekaa sawasawa.

Akafungua droo, akatoa betri ya volti 9 iliyochoka. Akaipima kwa mita: volti nane na kitu. "Nzima, au siyo?" Kisha akachukua rizista ndogo, akaibana kwa vidole juu ya vichwa viwili vya betri huku ncha za mita zikiwa bado pale pale. Namba zikaanza kuporomoka mbele ya macho yangu, saba, tano, zikasimama kwenye tatu. Akaondoa rizista, namba zikapanda tena zenyewe. Akairudisha, zikashuka. "Betri ni ile ile," akasema. "Aliyebadilika ni anayeila."

Nimesoma mengi juu ya jambo hili tangu siku ile, na sijaona maelezo yanayoizidi betri ya yule mzee. Pikapu ya gitaa ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba sana, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme kidogo unazaliwa, mara nyingi sehemu ya kumi ya volti, na ukicharaza kwa nguvu unaweza kukaribia volti moja. Umeme huo ni mnyonge kwa maana nyingine pia: waya wenyewe una ukinzani mkubwa, kwa hiyo kifaa chochote kinachovuta umeme mwingi upande wa pili kinaubomoa, kama rizista ilivyoibomoa betri iliyochoka. Tundu la kinanda na mikisa, lile ambalo mafundi huliita la laini, limetengenezwa kwa ajili ya vifaa vyenye nguvu. Kipimo chake cha studio ni volti 1.23, na ukinzani wake huwa kwenye omu 10,000 hivi au zaidi kidogo. Kwa kinanda ni mzigo mwepesi. Kwa gitaa lisilo na betri ni mzigo mzito mno. Tundu la gitaa linatakiwa liwe na omu milioni moja, yaani lisikilize tu, lisile. Fundi alinikumbusha kwamba hili halikuanza na kompyuta. Ampli za valvu alizokuwa akizifungua ujanani zilikuwa na rizista ya omu milioni moja pale pale mlangoni, kwenye jeki.

Kilichonishangaza ni kwamba kasoro hii haipunguzi ukubwa wa sauti peke yake. Pikapu ni koili, na koili huzuia umeme zaidi kadiri sauti inavyokuwa nyembamba. Kwa hiyo mzigo mzito hula kwanza zile sauti za juu: mguso wa kucha kwenye uzi, mlio wa noti inapoanza, ule mng'ao unaomtofautisha mpiga gitaa mmoja na mwingine. Ndiyo maana baba mdogo hakulalamika kwamba sauti ni ndogo. Alisema yule si yeye, na alikuwa sahihi kuliko kipimo changu.

Swichi ya kubadilisha tundu haikuwepo kwenye kiboksi. Ilikuwa ndani ya programu ya kifaa, ambayo muuzaji hakunipa, nikaipakua kwa bando la usiku. Ilipofunguka nikaona kipicha kidogo cha gitaa pembeni ya tundu la kwanza. Nikakibonyeza. Asubuhi nikamwita baba mdogo kabla hajanywa chai. Akapiga kibwagizo kile kile, kipimo kikaruka hadi kwenye nyekundu, ikabidi nishushe geini chini ya nusu, na iliposhuka ule mchemko ukaondoka nao. Akapiga uzi mmoja, akausikiliza hadi ukafa, akapiga tena. "Sasa naisikia kucha," akasema, kisha akaendelea kupiga hadi chai ikapoa, na mimi sikuzima kitufe cha kurekodi.

Habari zikaenea, kama zinavyoenea Magomeni. Wakaanza kuja wazee wenye magitaa yao, na siku moja akaja mpiga udi kutoka Unguja, mtu mpole ambaye sote tulimwita Maalim. Udi wake ulikuwa umebandikwa kisahani cha piezo chini ya uso wa mbao, kile kinachobadilisha mtikisiko kuwa umeme. Nikamchomeka kwenye tundu la gitaa nikiwa na uhakika. Sauti ikatoka ndogo, kavu, haina tumbo. Nyuzi nene zilikuwa kama hazipo.

Nikarudi kwa fundi, safari hii na Maalim mwenyewe. Kisahani cha piezo, akatueleza, hakina koili, tabia yake ni ya kapasita, tena ndogo sana, hiki kikiwa na nanofaradi moja hivi. Kapasita hufanya kinyume cha koili: huzuia sauti nene. Ukikichomeka kwenye omu 10,000, karibu kila kilicho chini ya hezi 16,000 kinaanza kufifia, yaani muziki wote. Kwenye omu milioni moja mpaka unashuka hadi hezi 160 hivi, na hapo gitaa dogo lingevumilika, lakini nyuzi za chini za udi ziko chini ya mpaka huo. Dawa ni mlango wenye omu milioni kumi. Saundi kadi za aina yetu hazina mlango wa namna hiyo, kwa hiyo fundi akautengeneza: transista moja ya FET, vikapasita viwili, na betri ya volti 9. Madukani hapakuwa na rizista ya omu milioni kumi. Akachukua mbili za milioni 4.7, akaziunga moja nyuma ya nyingine, zikafanya milioni 9.4, na akasema udi hautajua tofauti. Vyote akavifungia ndani ya kikopo cha bati, kwa sababu bati huzuia mngurumo wa umeme usipenye. Jeki ya kuingilia aliiunga ili iwashe betri inapochomekwa, na alimsisitiza Maalim achomoe waya kila akimaliza, la sivyo betri italiwa usiku kucha.

Maalim alipiga taksimu ndefu siku ile. Uzi mnene ulipoguswa, spika zilisukuma hewa, nikauona mshangao usoni mwake. Alikuwa amepiga kwenye harusi na maulidi miaka yote akiambiwa na watu wa mitambo kwamba udi ndivyo ulivyo, hauna besi ukiunganishwa. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Wapigaji wangapi wa ala zetu wameambiwa kasoro ni ya ala yao, au ya mikono yao, wakati kilichokosekana ni rizista?

Baada ya hapo tatizo likawa kinyume: kila mtu alitaka kipimo kiguse sifuri. Baba mdogo aliitetea tabia hiyo kwa ushahidi wa enzi zake. Bendi yao ilipoitwa kurekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, wote walipiga kwa pamoja, na fundi mitambo alipenda mshale ukaribie nyekundu, kwa sababu utepe wa kurekodia una mchemko wake na sauti ikiwa ndogo humezwa nao. Kwa utepe alikuwa sahihi. Lakini kwenye rekodi ya biti 24 kina cha nadharia ni desibeli 144, dhidi ya 96 za biti 16, na hata vifaa vya bei nafuu, ambavyo havifiki huko, vinabakiza nafasi ya kutosha. Ukiacha vilele vya gitaa vicheze kwenye -12 hupotezi chochote, na mpigaji akipandwa na mori sauti haipasuki. Ikishagonga sifuri imekatika vichwa, na hakuna programu itakayovirudisha kama vilivyokuwa. Tulibishana wiki nzima. Alikubali siku alipopasua mwenyewe solo aliyoipenda.

Wimbo wake wa kwanza tuliumaliza mwezi wa Ramadhani, usiku baada ya tarawehe, mtaa ukiwa umetulia. Alipiga rizimu, akaja akapiga solo ya pili juu yake, mwisho solo yenyewe. Kila gitaa liliingia safi. Nikaanza kuchanganya, na kwa kuwa nilikuwa nimehangaika sana kuipata ile sauti, solo nikaiweka juu kabisa, mbele ya kila kitu. Alisikiliza hadi mwisho bila kusema neno. Kisha akavuta kiti karibu na skrini.

"Ishushe hiyo solo, mwanangu. Rizimu ndiyo inayobeba watu, nataka waisikie."

Nikaishusha desibeli nne. Akataka nishushe mbili zaidi.