Fomu ya Binti Yetu

Mama mwenzetu, binti yetu wa kwanza amemaliza kidato cha sita, na jioni hapa kwetu Songea tunagombania simu moja, maana maombi ya chuo kikuu yamo humo. Sisi wauguzi wa zamani tuliingoja barua kwenye sanduku la posta.

Kizazi cha mama zetu kilikuta mlango mwembamba zaidi. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, aliyemaliza kidato cha sita hakuingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam moja kwa moja. Alipita Jeshi la Kujenga Taifa, akafanya kazi, kisha akatafuta pendekezo la mwajiri na la chama. Kwa kijana wa kiume huko kulikuwa kuchelewa tu; kwa binti, miaka hiyo ndiyo ya kuposwa na kunyonyesha. Wasichana wakapungua chuoni, hata serikali ikawaondolea sharti hilo miaka michache baadaye. (Mama yeyote angewaambia mapema!)

Kuanzia 2010 maombi yalipitia Tume ya Vyuo Vikuu. Tangu 2017 kila chuo hupokea yake, na ada yake.

Basi sisi, baba yake na mimi, tulikwisha kumjazia udaktari. Juzi usiku tukakuta ameufuta, ameweka ualimu. Tulinyamaza kitambo. Asubuhi baba yake akamwuliza namba ya kulipia.