Mlango Usiohitaji Ufunguo

Wanafunzi wangu wapenzi, katika Kiswahili vitenzi vingi vya kufunga vina wenzao vya kufungua: funga na fungua, komea na komoa, ziba na zibua. Nimeifundisha kanuni hii kwa miaka mingi, lakini uzito wake niliutambua mlangoni.

Hapa Tiira, mji wetu wa wachimbaji dhahabu wilayani Busia, Uganda, mzee mmoja jirani yangu alijenga jengo la maduka lenye ukumbi wa mikutano ghorofani. Aliniomba nimsindikize mjini Busia kununua vifaa vya mlango wa nyuma. Dukani akachagua mnyororo na kufuli kubwa.

“Mzee,” nikamwuliza, “moto ukizuka, ufunguo utakuwa kwa nani?”

“Kwa mlinzi, Mwalimu. Mji huu una dhahabu, na wezi hawalali.”

Hofu yake ilikuwa na msingi, nami sikuibeza. Nilimkumbusha tu moto wa duka la Nakumatt katikati ya Nairobi, tarehe 28 Januari 2009. Zaidi ya watu 20 walifariki, na manusura walisimulia kwamba walikuta milango imefungwa.

Kifaa nilichompendekezea kina historia kama hiyo. Tarehe 30 Desemba 1903, moto uliua watu zaidi ya 600 katika ukumbi wa Iroquois, Chicago, ambako baadhi ya milango ilikuwa imefungwa au ina makomeo ambayo watu hawakujua kuyafungua. Baada ya msiba huo, Carl Prinzler, muuza vyuma wa Indianapolis, alishughulikia komeo la namna nyingine: chuma kilicholazwa katikati ya mlango, upande wa ndani. Ukikisukuma, ulimi wa komeo hurudi na mlango hufunguka kuelekea nje. Upande wa nje mlango hubaki umefungwa. Kwa hiyo mwizi hazuiliwi kwa kumfungia mteja.

Mzee alinyamaza, kisha akaurudisha mnyororo mezani. Chuma kile hakikuwapo Busia, kiliagizwa Kampala. Kikundi cha akiba kilikuwa kimekwisha kukodi ukumbi kwa Jumamosi ile. Alikirudishia fedha, ingawa alizihitaji.

Fundi alipomaliza kazi, tulimwita mjukuu wa mzee, mtoto wa miaka saba. Hatukumweleza lolote. Alisukuma kwa viganja viwili, mlango ukafunguka.

Nanyi nawapa zoezi. Mkiingia sokoni, bwenini au ukumbini, tazameni mlango wa dharura. Je, unafunguka kutoka ndani bila ufunguo? Je, magunia yameuziba? Ukiwa umekomewa, mwendeeni mwenye jengo na kumwomba kwa heshima aukomoe. Hiyo ni sarufi, na pia ni wajibu wa raia.