Paipu Moja, Injini Mbili

Juzi nusura nimtie mjomba wangu hasara kwa ujuaji wangu.

Nilikuwa Macalder, kaunti ya Migori. Mgodi mkubwa wa shaba ulifungwa mwaka 1966, lakini watu bado wanachimba dhahabu kwa mikono, na mjomba huwabebea mawe hadi kwenye mashine za kusaga. Basi pikapu yake ya dizeli ikaishiwa nguvu. Ikipanda mlima, moshi mweusi. Isipokwenda, mjomba hali.

Nikafungua boneti, nikakuta kipaipu chembamba cha turbo kimepasuka.

"Mjomba, hicho si tatizo," nikasema. "Kikipasuka, presha huzidi, haipungui. Turbo yenyewe imekufa."

Nilisema hivyo kwa sababu kipaipu kama hicho kiliwahi kupasuka kwenye kigari changu cha petroli. Mjomba akaanza kutafuta pesa za turbo. Bahati fundi akafika, akacheka: "Kijana, hiyo ni hesabu ya petroli."

Tofauti ni hii. Petroli inataka kilo 14.7 hivi za hewa kwa kilo moja ya mafuta. Presha ikizidi, mchanganyiko hujilipukia wenyewe, injini inagonga, pistoni zinaharibika. Kwa hiyo turbo ya kawaida ya petroli ina kilango cha kupitishia moshi pembeni, na presha yenyewe, ikipita kwenye kipaipu, ndiyo hukifungua. Kipaipu kikikatika, kilango hakifunguki.

Dizeli huvuta hewa tupu, mafuta yanapulizwa mwishoni. Unapokanyaga unaongeza mafuta, si hewa. Hewa ya ziada haileti kugonga, ingawa nayo ina kikomo. Ikipungua ndipo moshi unapotoka. Ziko dizeli zenye kilango kama cha petroli, ila ya mjomba ina vibawa vinavyobana njia ya moshi ili turbo izunguke mapema. Vibawa hivyo huvutwa na ombwe kupitia kipaipu. Ombwe likivuja, vinabaki wazi na turbo inasinzia.

Paipu zinafanana, lakini moja ikikatika presha hupanda, nyingine ikikatika presha hushuka. Fundi alibadilisha kipaipu na jioni ile ile pikapu ikapanda na mzigo.

Wenzangu wa programu, kabla hujanakili suluhisho la jana, uliza kwanza: ishara ikikosekana, mtambo huu huangukia upande gani?

Haya, tuonane tena.