Kamera katika Maji ya Udongo

Anayetazama video za wapiga mbizi huweza kudhani kwamba maji yote ya dunia ni ya buluu. Dhana hiyo ina historia yake. Tangu Jacques Cousteau na Louis Malle walipotoa filamu ya Le Monde du silence mwaka 1956 na kutunukiwa tuzo kuu ya tamasha la Cannes, jicho la dunia limezoezwa kutazama chini ya maji kwa namna moja: mwanga tele, matumbawe, samaki wa rangi, na mtu anayeelea kana kwamba hana uzito. Bahari ya Mafia na Pemba huweza kuutii mtindo huo. Ziwa Tanganyika nalo huweza, maana maji yake ni maangavu. Lakini mimi ni mzaliwa wa Ngara, na maji ya kwetu yana rangi ya chai ya maziwa.

Nimelazimika kulifikiri jambo hili kwa sababu ya vijana wawili niliowahi kuwafundisha, mmoja wa Ngara na mwenzake wa Biharamulo. Walipewa kazi ya kutengeneza video fupi ya kuvutia wageni: Mto Ruvuvu, maporomoko ya Rusumo, na Ziwa Burigi ambalo tangu mwaka 2019 limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Mteja alipoziona picha zao za majaribio alisema ni chafu. Akawaelekeza wanunue mtandaoni picha za chini ya maji zilizo safi, wazipachike katikati ya picha za Rusumo. “Mwalimu, nani atajua?” aliniuliza yule wa Biharamulo, na hakuwa akitania. Malipo hayo yangetosha kumaliza deni la kamera.

Matumbawe katika mto Kagera! Mvuvi yeyote angejua. Na kama wavuvi hawahesabiwi miongoni mwa watazamaji, basi hapo ndipo penye shida ya kisiasa: tunatengeneza picha ya nchi kwa ajili ya mgeni ambaye hajafika, na mwenyeji anayeyachota maji hayo kila asubuhi hatarajiwi kutoa ushahidi. Niliwaambia wasizinunue. Ni rahisi kwa mwenye mshahara kusema hivyo, kwa hiyo nilijiona ninawajibika kukaa nao na kutafuta njia nyingine.

Tulianza na mwanga. Katika maji safi rangi nyekundu hupotea kwanza, na buluu hushuka mbali zaidi. Katika maji yenye tope na viumbe vidogo mambo hugeuka: buluu ndiyo humezwa mapema, yakabaki manjano na wekundu. Si suala la urembo tu. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba furu wa Ziwa Victoria huteua wenza kwa rangi, na kwamba pale maji yanapokuwa na ukungu kiasi cha kuficha rangi, mipaka kati ya aina moja na nyingine huanza kufutika. Tumezoea kumlaumu sangara peke yake kwa kutoweka kwa furu. Maji yasiyoonyesha nayo yana sehemu yake.

Kwa hiyo ukungu huo ni habari, na kamera inaweza kuusoma. Vijana hawa hawawezi kupiga mbizi Burigi, kwa kuwa mamba na viboko hawana mzaha. Kamera ndiyo inayozama, mtu anabaki juu. Wameifunga kwenye ncha ya mwanzi ndani ya mfuko usiopitisha maji, na huizamisha kutoka kwenye mtumbwi wakiwa na askari wa hifadhi. Kinachoharibu picha ni yale maji yaliyo kati ya lenzi na kitu, hivyo huifikisha kamera karibu kiasi cha shubiri moja na kutumia lenzi pana. Taa hawaiweki mbele, maana chembe za udongo huurudisha mwanga kama ukungu wa asubuhi unavyourudisha mwanga wa gari. Huiweka ubavuni, au huizima kabisa na kuielekeza kamera juu.

Picha hizo za kutazama juu ndizo zilizonishangaza. Ukiwa chini, uso wa maji huonekana kama dirisha la mviringo lenye nuru, na kila kitu kingine ni kivuli: mizizi ya mafunjo ikining’inia, tumbo la mtumbwi, nyuzi za wavu uliosahauliwa. Nimekula samaki miaka arobaini na ushee bila kuuona wavu kutoka upande wa samaki. Wamerekodi sauti pia, kwa kipaza sauti kilichofungwa vizuri, na yule wa Ngara anashikilia kwamba sauti peke yake ingetosha dakika nzima yenye picha ya kahawia tupu. Sina hakika kama mgeni atavumilia. Mimi nilivumilia.

Rangi hiyo ya kahawia inatoka wapi? Ni udongo wa vilima vya Rwanda, Burundi na vya kwetu, unaosombwa na mvua kutoka mashamba yenye mteremko. Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria. Anayeionyesha rangi hiyo kwa ukweli anaonyesha shamba la mtu likisafiri.

Rusumo ilitupa ugumu wa namna nyingine. Mwaka 1994 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Mwishoni mwa Aprili takribani watu robo milioni walivuka daraja lile kwa siku moja hivi, na Benako ikageuka mji wa turubai. Chini ya daraja mto ulikuwa ukibeba waliouawa. Maelfu walifika hadi Ziwa Victoria, wakazikwa na wanavijiji wa pwani ya Uganda. Wazee wetu walitukataza kwenda mtoni, na kwa muda mrefu baadaye kuna nyumba ambazo samaki hakupikwa. Leo pale pana mtambo wa umeme wa megawati 80 unaomilikiwa na nchi tatu, na watalii hupiga picha darajani.

Je, mwanzi wenye kamera uzamishwe hapo? Nilidhani vijana, waliozaliwa baada ya mwaka ule, wangeona ni maji kama maji mengine. Kumbe walikuwa wameshawauliza wazee. Wamezamisha kamera mahali Ruvuvu unapokaribia kuungana na mto utokao Rwanda, juu kidogo ya maporomoko, pembeni penye utulivu, bila taa wala kutafuta kitu chochote. Kinachoonekana ni chembe za udongo zikipita, sekunde arobaini. Juu yake wameandika mwaka tu, 1994. Mimi ningependa iongezwe sentensi moja ya maelezo kwa asiyejua. Wao wamekataa, na video ni yao.