Ubao wa Baba

Ninataka kuwaeleza juu ya ubao mmoja ulio nyumbani kwetu Likasi, na aibu niliyopata nao siku ya kilio cha baba.

Baba alikuwa Muluba wa upande wa Malemba-Nkulu. Alifanya kazi miaka 27 chini ya udongo, katika shaba. Kisha ugonjwa wa sukari ukamharibu macho. Mtasema: mtu wa mgodi amezoea giza. Hapana! Kule chini alikuwa na taa kichwani na wenzake kandokando. Nyumbani alikaa tu kwenye kiti, akiuliza saa.

Siku moja akaomba kipande cha mulombwa. Munaujua ule mti, ukiukata unatoa maji mekundu kama damu. Alichonga polepole kwa kisu, akipapasa na kidole gumba kila alipopitisha kisu. Harufu ya mbao ikajaa nyumba. Mama alimgombeza sababu ya uchafu, lakini baba alikuwa anaimba, na hatukumsikia kuimba tangu macho yalipokufa.

Nilipouona ubao umebanwa katikati kama kiuno, nikaogopa.

– Papa, hii si lukasa?
– Lukasa ni ya watu wa Mbudye, mimi si mumoja wao. Hii ni ya nyumba yetu tu.

Ninyi vijana pengine hamujui lukasa. Kwa Baluba ni ubao wa kumbukumbu, na jina lake maana yake ni mkono mrefu. Unaenea mkononi. Mwenye kuusoma anaushika kwa mkono wa kushoto, na kidole cha mkono wa kuume kinatembea juu ya shanga na alama zilizochongwa. Ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo unaweza kuwa mfalme na watu wake. Mstari wa shanga unaweza kuwa njia aliyopita. Mgongo wake unachorwa kama gamba la kobe. Ndivyo wazee wa Mbudye walivyoshika habari za Nkongolo, za Mbidi Kiluwe mwindaji, na za Kalala Ilunga. Lakini ubao hausemi wenyewe: kidole kinagusa, kinywa kinaimba, na mwenye kuimba anachagua maneno kufuatana na watu walio mbele yake. Mwaka 1996 kule New York walifanya maonyesho makubwa juu ya kumbukumbu ya Baluba, na lukasa zilikuwamo. Watu wengi waliziona kwa macho. Kuzigusa, hapana.

Katekista mmoja aliuliza kama ule si uchawi. Baba akatoa rozari mfukoni, akamwekea mkononi, akasema: «Funga macho. Uko wapi sasa?» Yule akacheka, akakaa kunywa chai.

Juu ya ubao baba alitia shanga za mama, misumari, na kipande cha malakiti kwa ajili ya kaka yake aliyekufa mgodini. Kila jioni alipitisha kidole na kusema kasala, yaani mashairi ya sifa ya watu wetu. Akifika kwenye malakiti, ambayo ni baridi, sauti yake ilishuka. Akifika kwenye shanga za nkambo, ilipanda, tukacheka, maana nkambo alikuwa mtu wa vituko. Mimi nilisoma masomo, kwa hiyo nikachukua kaye nikaandika yote. Nilijiona mwenye akili sana.

Baba alifariki Februari 2011. Usiku wa kilio wazee wakaniambia: «Wewe mwenye kuandika, simama.» Nikashika ubao kwa mkono wa kushoto, kaye niliwekewa mbele. Nilianza vizuri. Baada ya malakiti kidole changu kikaingia katika tundu dogo, halina ushanga wala msumari. Nikatazama kaye: hakuna neno. Je, ushanga ulianguka? Nilipokuwa ninaandika nilitazama karatasi, sikutazama kidole cha baba. Na pale, sasa ninakumbuka, alikuwa anasema chini chini sana.

Watu walingoja. Jasho likanitoka. Mzee mmoja akakohoa. Nilitaka kuruka ile nafasi, nani angejua?

Ndipo sauti ya mama ikatoka kwenye mkeka wa wanawake. Mama, ambaye miaka yote alikuwa jikoni akigomba juu ya mabaki ya mbao:

– Rudisha kidole, mwanangu. Sema: huyu alirudi kabla ya kupewa jina. Maziwa ya mama yake yalimutafuta siku saba.

Sikujua kwamba kulikuwa na mtoto mbele yangu. Hakuna aliyenieleza hata siku moja.

Nikarudisha kidole katika tundu, nikayasema yale maneno kama alivyonipa. Wanawake wakaitikia. Kisha nikaendelea kwenye misumari miwili, ambayo ni mimi na ndugu yangu.